Ngoma za kikundi na mfuko wa mheshimiwa

Dodoma haina uhaba wa wanasiasa wapenda ngoma. Mgeni mkubwa akitua au mradi ukizinduliwa, akina mama wa muheme (ngoma ya wanawake wa Kigogo) wameshajipanga juani mapema, ngoma zimebanwa mapajani, na wazee wa zeze wako pembeni. Hapo ndipo mbunge au diwani hushika kipaza sauti akaahidi sare mpya, spika, na "kitu kidogo cha kutunisha mfuko". Wageni wakishaondoka, maneno huanza: huu ni ufadhili wa sanaa au ni kampeni iliyowahi msimu?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Nani mwingine atatoa? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Ila mkopo hudai marejesho, na kikundi kinachoitwa kwenye sherehe na mapokezi tu hakina mauzo ya kila mwezi ya kuonyesha. Upo pia Mfuko wa Jimbo, wa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Lakini darasa likiwa halina bati, nani atathubutu kusimama kikaoni aombe marimba? Mkono mtupu haulambwi, na wasanii wanalijua hilo kuliko sisi wachambuzi.

Hata historia iko upande wao, kwa kiasi. Mwanamuziki Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alipofariki mwaka 2003, zeze na marimba za Wagogo zilikuwa zimeshasikika Ulaya na Marekani. Mkono wa mkubwa ulifungua njia. Ila tazama matunda yalidondokea wapi: Bagamoyo, pwani. Simlaumu Mwalimu, taifa lilikuwa linajijenga. Lakini mfadhili huipeleka sanaa anakoihitaji yeye.

Upande wa pili, wengi hukimbilia neno rushwa. Tumeshapita huko: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu ikaitengua mwaka 2006, kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Makali yake huonekana zaidi uchaguzi ukikaribia. Miaka ya katikati, asasi ndogo iliyosajiliwa hudaiwa ripoti kila mwaka, huku bahasha inayotolewa jukwaani haidaiwi hata stakabadhi.

Mimi rushwa hainitishi sana kuliko kinachoupata wimbo wenyewe. Ngoma iliyokuwa ikimsema mchoyo na kumkanya mlevi huanza kubeba jina la mheshimiwa kwenye kiitikio. Na akianguka kura za maoni (chama chochote kile), kikundi hubaki na sare zenye sura yake, na mrithi wake hakitaki kwa sababu ni "cha fulani". Asasi za yatima na za vijana zinaijua adha hiyo vilevile.

Kwa hiyo asisaidie? Asaidie, ila pale ambapo hahitaji kuimbwa. Chamwino kuna kituo cha sanaa kinachoandaa tamasha la muziki wa Kigogo, linalokutanisha vikundi vya vijijini. Gharama za tamasha la namna hiyo zinafahamika: usafiri, chakula, malazi. Fedha ikipita kwenye akaunti ya waandaaji na stakabadhi ikatoka, mtoaji akaketi kama mgeni wa kawaida, sina ugomvi naye.

Tena diwani anayo njia isiyogusa mfuko wake kabisa. Bajeti ya halmashauri hupitishwa na baraza la madiwani, na utamaduni una ofisa wake palepale. Akina mama wa muheme wakitakiwa tena kwenye mapokezi, wamuulize kabla hawajatunga kiitikio: bajeti iliyopita ulidai shilingi ngapi kwa ajili ya sanaa, na nani alikupinga?