Mkono Niliomwinulia Mama Mkwe

Wenzangu wa kikundi cha baiskeli wanasema kosa lilikuwa mkono. Mimi nasema kosa lilikuwa bukta. Ningekuwa nimevaa suruali ya heshima siku ile, nisingetaka kupita mbio, wala mkono usingeinuka vile, na Afande asingekuwa na lile kovu la goti analowaonyesha watoto kana kwamba alilipata vitani.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Uganda, kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu forodhani. Baiskeli hapa haimshangazi mtu. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani huku miaka ya 1960, vijana wakiwapakia watu kwenye karia na kuwavusha kutoka kituo kimoja hadi cha pili. Kwa hiyo mtu mzima akitumia shilingi milioni moja na nusu kununua baiskeli ya mtumba isiyo na karia, isiyo na kengele wala madigadi, majirani wana haki ya kuuliza: sasa hiyo inabeba nini?

Inanibeba mimi. Hilo jibu halikumridhisha yeyote, hasa mke wangu.

Ugonjwa ulikuwa umeanza zamani kidogo, mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu za Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, na kuondoka na fulana ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi. Ukanizidia Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Nikakaa mbele ya runinga nikiwatazama watu wanapanda vile vilima vya Kigali wakiwa wamefuatana kama siafu, nikajiona nimo. Kitambi changu kilikuwa pale pale mapajani, lakini runinga haionyeshi mtazamaji.

Kikundi chetu kina watu wanane. Kapteni ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Yupo Afande, yupo Fundi, yupo Daktari wa mifugo, na wengine ambao hawana cheo ila wana miguu. Jumapili yangu ya kwanza tulikutana alfajiri kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, na Kapteni hakuniruhusu kupanda baiskeli kabla ya somo. Akapanga vikombe vitatu vya chai ya moto mezani, kimoja nyuma ya kingine, akainama akapuliza polepole kutoka mbele. Mvuke wa kikombe cha kwanza ukalala kama nyasi. Wa kikombe cha tatu ukapanda juu wima, hauna habari.

“Umeona?” akasema. “Adui yetu si kilima. Ni upepo. Wa mbele anaupasua, wa nyuma anaponea mgongoni kwake. Ukimfuata mtu kwa karibu unaokoa robo mpaka theluthi ya nguvu zako. Mwaka 2018 kuna watafiti wa Ulaya waliopima kundi la waendeshaji 121, wakakuta aliye katikati anapambana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upepo anaoupata anayeendesha peke yake.”

“Sisi tuko wanane,” Fundi akasema akitafuna.

“Ndiyo maana utachoka.”

Kisha sheria. Tunakwenda mstari mmoja. Wa mbele anavuta dakika moja au mbili, anatikisa kiwiko, anajitoa pembeni, anarudi mkiani. Anayeshika zamu haongezi mwendo, hata kama miguu inamwasha. Usikazie macho tairi la mwenzako, tazama mbele ya mabega yake. Na usiruhusu kamwe tairi lako la mbele liwe ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzako, maana yakigusana, wa mbele hata hatajua, wa nyuma ndiye atakayelala lami. Shimo linaonyeshwa kwa kidole. Tuta linapigiwa kelele. Na kiganja kikiinuka juu, wazi namna hii, maana yake ni moja tu: simameni.

Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kusema kweli akili yangu yote ilikuwa kwenye bukta. Ilikuwa nyeusi, ya kubana, na ndani ina godoro kama pampasi. Mke wangu aliponiona nikitoka nayo alfajiri ile alisema, “Baba, omba Mungu usikutane na mtu wa kwetu.” Nikacheka. Kwao ni huko njiani kuelekea Lumino, na sisi tulikuwa tunaelekea Lumino, kisha tuteremke Majanji kula samaki ziwani. Mtu mwingine angeyaunganisha hayo mawili.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha ambayo sijui niifananishe na nini. Nilikaa nafasi ya tano. Miguu inazunguka, upepo nausikia unawapiga wengine, mimi natembezwa tu kama abiria. Minyororo inavuma, hakuna anayeongea. Tukapita mashamba, tukapita watoto wanaopiga kelele “bai!”, tukapita mama walioanika mihogo iliyomenywa ukingoni mwa lami, imetandazwa nyeupe hatua kwa hatua.

Zamu yangu ikafika. Afande akatikisa kiwiko, akajitoa, na mbele yangu hakubaki mtu, upepo mtupu. Nikafanya kile kile nilichokatazwa: nikaongeza mwendo. Kisaa cha usukani kikasoma 33, kikasoma 36. Nyuma Kapteni akaita “Taratibu!” nami nikasikia kama ananishangilia.

Hapo ndipo nikamwona. Chini ya mwembe, mkono wa kushoto, kwenye mkeka, na beseni la nyanya mbele yake. Mama mkwe wangu.

Msomaji wa mbali anahitaji kujua jambo hapa. Huku kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Ukimwona njiani unampisha. Humpi mkono, humkazii macho, huli naye sahani moja. Kumpita bila salamu ni matusi. Kumtokea nusu uchi ni kitu ambacho hata hakina jina. Na mimi nilikuwa nakwenda kwake kwa kilomita 36 kwa saa nikiwa nimepakwa kitambaa cheusi kuanzia kiunoni hadi pajani.

Nikaamua, kama kweli yule aliyeamua nilikuwa mimi, kufanya yote mawili: kumsalimu na kutoweka. Nikainua mkono wote, kiganja wazi, nikageuza uso upande wa pili, nikakanyaga pedali kwa nguvu zote nilizojaliwa.

Nyuma yangu nikasikia mlio wa breki, kisha kishindo, kisha vishindo vingine vidogo vidogo. Nikajiambia: leo wamenikoma. Nikaendelea kutimka, peke yangu, mgongo umenyooka kama wa Girmay. Nilikwenda labda mita 300 kabla ya kugundua kwamba sisikii mnyororo wowote ila wangu. Nikageuka. Barabara tupu. Mbali kule, watu wa kijiji wanakimbia kutoka pande zote.

Baadaye nilielezwa. Kapteni, mtu wa nidhamu, aliona kiganja akasimama kama alivyofundisha. Afande, aliyekuwa amerudi mkiani, alikuwa anatazama ng'ombe. Walio katikati wakajibana, matairi yakagusana, Fundi akaenda chini, Daktari akaenda juu ya Fundi, na waliobaki wakakwepa kwa kuingia kwenye mihogo. Nilipowafikia, watu wawili walikuwa weupe kuanzia nyusi hadi viatu, mama mwenye mihogo anawahesabia hasara kipande kwa kipande, na gurudumu la Fundi limepinda likawa namba nane. Kapteni peke yake alikuwa amesimama wima, mguu mmoja chini, bila mkwaruzo hata mmoja.

“Kuna nini mbele?” akaniuliza. “Umeona nini?”

Ningejibu, lakini nilikuwa bado sijasimama vizuri. Viatu vile vya baiskeli vina chuma chini kinachonasa kwenye pedali, na ili utoke lazima uzungushe kisigino kwa nje. Hilo nalijua vizuri sasa. Wakati ule nilivuta mguu juu, haukuja. Nikavuta wa pili, nao ukakataa. Baiskeli imeshasimama, mimi nimo juu yake, na watu kama arobaini wananitazama. Nikaanza kuinama upande wa kushoto polepole, kama mgomba uliokatwa, nikiwa na nafasi ya kutosha kabisa kuona ninakoangukia. Naye mama mkwe alikuwa ameacha nyanya zake akaja kusaidia majeruhi.

Nikaanguka miguuni pake, baiskeli ingali imeninasa, magoti hewani.

Hakusema neno. Aligeuza uso akautazama mwembe, akafungua leso aliyojifunga kiunoni juu ya gauni, akaitupa nyuma bila kuangalia. Ikanifunika kuanzia kifuani. “Jifunike, mkwe,” akauambia mwembe. Afande, damu zinamtiririka gotini, alikaa chini akacheka mpaka akaomba maji.

Leso ile ilikuwa na maandishi, methali ya mtu anayeacha mila. Lakini nilivyoifunga kwa pupa, yaliyobaki kusomeka pajani mwangu yalikuwa maneno mawili tu: NI MTUMWA. Hivyo ndivyo nilivyorudi Busia.

Mihogo tuliilipa, mimi nikiwa na fungu la kwanza na la mwisho. Majanji hatukufika. Kapteni ameongeza sheria: kabla ya safari kila mtu anataja wakwe zake wanaishi barabara ipi, na kwenye barabara hiyo havuti. Afande ana wake wawili, mmoja wa Tororo, mwingine wa Bugiri, kwa hiyo siku hizi kila tuelekeako yuko mkiani anakula kivuli, na hatuna hoja ya kumtoa.

Ikabaki leso. Kitu cha mama mkwe hakirudishwi mikono mitupu. Mke wangu akaandaa sukari kilo mbili, sabuni mche mmoja na jogoo, akaviweka mlangoni, kisha akaitazama baiskeli yangu ya milioni moja na nusu isiyo na karia. Hakusema kitu. Nikavaa suruali na koti, nikamwita kijana wa bodaboda mwenye baiskeli nyeusi ya chuma, nikakaa nyuma yake, jogoo kwapani. Kijana akainama akaanza kukanyaga kuelekea Lumino, upepo wa ziwa unamjia usoni. Mimi haukunigusa hata kidogo.