Zebaki Si Sifa ya Kuuzia Saa

Mnada mmoja wa Paris umetangaza tena saa ya bronzi ya kuweka juu ya meko, na maelezo yake yamenikera: upako wake wa dhahabu ni ule wa asili, uliopakwa kwa zebaki, haujaguswa. Zebaki inatajwa kwa fahari, kama muuza asali anavyoapa kwamba yake haina maji.

Haya, ni nzuri, sibishi. Dhahabu ya Thomire, fundi aliyemfanyia kazi Napoleon, bado inawaka baada ya miaka 200, na ile ya kupakwa kwa umeme iliyoenea miaka ya 1840 haifui dafu mbele yake. Lakini tuambiane ilivyofika pale.

Dhahabu ilichanganywa na zebaki ikawa uji mzito, ikapakwa juu ya bronzi, ikatiwa motoni. Dhahabu ikang'ang'ania, zebaki ikapaa. Ikapaa wapi? Kifuani mwa mpakaji. Mikono ikaanza kutetemeka, meno yakalegea, na wengi hawakuuona uzee.

Msomaji wa Geita au Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu ya Tanzania, ameshanielewa. Ni moshi ule ule wa mialoni, kunakosafishwa dhahabu: donge la dhahabu na zebaki, kikaango, moto, na watoto wanacheza pembeni. Wachimbaji wetu wadogo wakichoma, huletewa semina na Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Na ni sawa kabisa, waletewe! Ila moshi wa Paris umepewa mstari wa sifa kwenye katalogi, na bei inapanda.

Tena msiniambie hawakujua. Antoine-André Ravrio, tajiri wa kazi hizi hizi, alifariki 1814 akiacha kwenye wosia faranga 3,000 za kumzawadia atakayebuni njia ya kuwakinga wapakaji. Alishinda mkemia d'Arcet, aliyechapisha maelezo yake 1818. Na dawa yenyewe? Tanuri lenye bomba la kuvuta mvuke nje. Bomba tu, jamani! Na hadi leo kuna watu wanachomea zebaki kwenye kikaango, uso juu yake.

Kwenye uso wa saa utasoma "Ravrio" kwa herufi za madaha. Jina la mpakaji ulitafute kwa tochi. Kama zebaki inauza, basi katalogi iseme pia ilimfanya nini aliyeivuta.