Bia ya mtu wa tanuru

Machi 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, David Lloyd George, wakati huo Waziri wa Fedha wa Uingereza, alisema nchi yake inapigana na Ujerumani, Austria na ulevi, na kwamba adui mkubwa kuliko wote ni ulevi. Haikupita miezi mingi, bodi ya kudhibiti biashara ya pombe ikaanza kazi. Kabla ya vita baa za London zilifunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa baada ya saa 6 usiku. Sasa zikaachiwa saa tano na nusu kwa siku. Hata kumnunulia mwenzako kinywaji kukawa kosa.

Hofu ilikuwa na msingi. Gretna, mpakani mwa England na Scotland, serikali ilijenga kiwanda cha kordaiti, ile baruti ya mizinga, kikatanda kilomita 14 hivi. Maelfu ya vibarua waliokijenga walimalizia ujira wao kwenye baa za Carlisle. Mwaka 1916 serikali ikaanza kuzinunua baa za mji huo pamoja na viwanda vyake vya bia, ikafunga baadhi, na kwenye zilizobaki ikaweka mameneja ambao kipato chao hakikupanda kwa kuuza pombe zaidi. Palipo na nitrogliserini, kilipuzi kinachotiwa kwenye kordaiti, sidhani kuna wa kuitetea glasi ya tatu.

Takwimu nazo ziliipa bodi nguvu: waliotiwa hatiani kwa ulevi England na Wales walikuwa karibu 189,000 mwaka 1913, na mwaka 1918 kama 29,000 tu. Ila wanaume wengi walikuwa vitani, bei ya bia ilikuwa imepaa, na bia yenyewe imekuwa nyepesi mno. Wanywaji waliibatiza kwa dhihaka "bia ya serikali".

Mwaka 1917 ndipo mambo yalipoharibika. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za nafaka, kwa hiyo utengenezaji wa bia ukawekewa ukomo wa mapipa milioni 10 kwa mwaka, kama theluthi ya kiasi cha kabla ya vita. Hoja ya mkate ni nzito: shayiri iliyogeuzwa kimea haiokwi. Lakini nenda Black Country, magharibi mwa Birmingham, kwenye bia ya mild, isiyo chungu sana, na wanaume wanaokoroga chuma kilichoyeyuka mbele ya tanuru kutwa nzima. Kwao bia ilikata kiu na kushibisha kwa pamoja. Daktari atasema maji na chai vingetosha, na huenda ni kweli. Lakini mtu aliyekwisha kubali bei za chakula kupanda na zamu kurefushwa, ukimwondolea na bia, anauliza matajiri wamepunguziwa nini. Tume iliyochunguza machafuko viwandani mwaka huo iliitaja bia miongoni mwa manung'uniko, na serikali ikalegeza kamba: kiasi kikaongezwa majira ya joto, fungu maalumu likaenda maeneo ya silaha na ya mavuno.

Kwa maoni yangu, kubana saa kulikuwa na haki kuliko kubana pipa. Saa zilimgusa mlevi na kumwachia mfua chuma kiburudisho chake. Upungufu wa bia uliwapiga wote sawa, na mwenye mvinyo nyumbani hakusikia kitu.

Vita viliisha 1918. Baa za serikali za Carlisle ziliendelea hadi 1973, na mtindo wa kufunga baa mchana England ukadumu hadi 1988.