Mtoto Wako Hana Simu, Ana Yako

"Mimi mwanangu simu sijampa, hayo ya mtandao hayatuhusu." Kauli hii naisikia sana hapa Mbeya: saluni, kwenye bajaji ya Kabwe, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Na wanaoitoa hawadanganyi. Watoto wengi wa shule ya msingi hapa mjini hawana simu zao. Wenye simu ni sisi. Ila pita nyumba yoyote Ilomba au Isyesye saa moja jioni, mama yuko jikoni anasonga ugali, halafu uangalie simu yake iko mikononi mwa nani.

Mara nyingi imefika huko kwa njia ya halali kabisa, yaani homuweki. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi, hasa wa shule binafsi, walianza kutuma kazi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi. Shule za msingi zikafunguliwa mwishoni mwa Juni, mtindo ukabaki. Mwalimu anapiga picha ubao, anatuma, na mtoto wa la nne anaichukua simu ya mama ili anakili maswali. Maswali yanaisha mapema. Simu hairudi.

Ndiyo maana ushauri mwingi kuhusu usalama wa watoto mtandaoni unatupita pembeni. Unaambiwa umfungulie mtoto akaunti ya kitoto, uweke programu ya kumsimamia kwenye tableti yake. Tableti ipi? WhatsApp, Instagram na TikTok zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, kwa hiyo wengi wa walioko shule ya msingi hawatakiwi kuwamo. Lakini sharti hilo halimgusi mtoto wetu, kwa sababu yeye hajajisajili popote. Anaingia kama mama yake, kwa laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mama, na M-Pesa ya mama imo humo humo. TikTok haijui nani kashika simu. Inachojua ni ulichokitazama jana usiku, basi na mtoto anapakuliwa sahani ile ile.

Kwangu mimi, kumlinda mtoto kunaanza na kuisafisha simu ya mtu mzima. Na pa kuanzia si TikTok. Ni galari.

Ifungue ya kwako sasa hivi, uitazame kama una miaka tisa. Kuna grupu la ukoo, kikundi cha kufa na kuzikana, kamati ya harusi iliyofanyika mwaka juzi, wafanyabiashara wenzako wa Mwanjelwa. WhatsApp ikiachwa ilivyo, picha zao zinajipakua zenyewe na kupangwa sambamba na picha ya ubao wa mwalimu. Sisi tunaishi kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Lori likifeli breki kwenye mteremko wa Inyala au Iwambi, picha za marehemu zinaweza kufika kwenye magrupu kabla trafiki hawajafika eneo la tukio. Siku moja tunapukuchua mahindi uani, mtoto wa jirani, yuko la tatu, akaniuliza bila hata kuinua kichwa: "Aunti, yule kaka wa kwenye simu ya mama, walimzika na mguu wake?" Mama yake alikuwa hata hajalifungua hilo grupu.

Dawa yake haimalizi dakika mbili. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video, kwa bando na kwa Wi-Fi. Kisha zuia picha za WhatsApp zisionekane kwenye galari. Ukiwa huko huko, nenda kwenye faragha, uweke kwamba watu ulio na namba zao tu ndio wanaoweza kukuingiza kwenye magrupu. Kama suala la mtoto halikusukumi, fikiria bando linaloliwa na video za "asubuhi njema" zenye maua.

La pesa nalipita haraka, wengi tumeshaumwa. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hufurahi simu ikipokelewa na mtoto. Anaombwa kwa upole asome tarakimu sita zilizoingia kwenye meseji, naye anasoma, maana tumemlea awatii wakubwa, na hapo WhatsApp ya mama inahama. Weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp. Namba ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Hiyo ni simu ambayo angalau unaweza kuishika. Likizo ya Juni mtoto anapandishwa Coaster kwenda kwa bibi Tukuyu, na huko kuna binamu wa kidato cha pili mwenye simu yake na asiye na wa kumuuliza. Mtaani kuna vibanda umiza vya kuonyesha video. Mipangilio yako haifiki huko, na swali linalobaki ni kama mtoto akikutana na jambo baya atakuja kukwambia.

Mimi naona wengi hawatasema, na sababu tunaijua. Mtu mzima anayewawinda watoto mtandaoni haanzi na ubaya. Anaanza na sifa, au vocha, au kumsaidia mtoto kuvuka hatua ngumu kwenye gemu. Baadaye, "hii iwe siri yetu." Baadaye anaomba picha. Akishaipata: "Usiponitumia nyingine, hii namtumia baba yako." Kitisho hicho kinashika kwa sababu mtoto anajua vizuri baba akiiona atafanya nini. Fimbo yetu ndiyo silaha ya yule mtu. Najua kuna watakaoninunia, lakini mtoto aliyekuja kusema mwenyewe asichapwe, hata kama simu aliichukua bila ruhusa. Wala usifute meseji kwa hasira, huo ni ushahidi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Halafu tupo sisi tunaosambaza. Video ya mtoto anayefanyiwa ukatili inaingia kwenye grupu ikiwa na maneno "sambaza mpaka akamatwe", na watu wema kabisa wanaisambaza, sura ya mtoto ikionekana wazi. Kumkamata mhalifu hakuhitaji shangazi zangu wote waione. Na ikiwa ni ya ngono, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaihesabu kuwa kosa.

Kuna pia kusambaza kwa furaha. Msimu wa mahafali ya awali, mitandao inajaa majoho madogo: jina kamili la mtoto, jina la shule, "hongera binti yangu, sasa unaingia la kwanza", na mtaa umetajwa. Mtu asiyemfahamu anaweza kusimama getini akamwita kwa jina na kumwambia katumwa na mama. Shule nazo zinaweka picha hizo kwenye kurasa zao kama tangazo la biashara, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Sijawahi kuulizwa kama naridhia.

Ninachoomba mwaka huu ni kidogo. Kwenye ile karatasi ya mahafali, chini ya mchango wa keki na wa joho, uongezwe mstari mmoja wa mzazi kuandika kama anaruhusu picha ya mwanawe iwekwe mtandaoni. Na atakayeandika hapana, asiulizwe anajidai nini.