Bomba la Raundi za Juu Siyo la Kila Jetski ya Kusimama

Vijana wanaonunua SuperJet kuukuu, jetski ya kusimama ya Yamaha, hapa Dubai wana swali moja kwa fundi kuhusu bomba la moshi: "Kaka, bomba gani lina nguvu kuliko yote?" Mimi huwauliza kwanza wanaendeshea wapi, wana uzito gani, na muda mwingi triga ya mafuta wanaibana kiasi gani. Bomba linalotoa nguvu kubwa kabisa kwenye raundi za juu kabisa, yaani injini inapozunguka kwa kasi sana, ni bomba baya kwa wengi wanaolinunua. Wauzaji hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Ninaongelea injini za mipigo miwili, zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, kama mashine nyingi za boti za wavuvi wetu wa pwani. Yamaha aliitengeneza SuperJet ya aina hiyo kuanzia 1990 hadi 2020, na ile ya miaka ya mwisho ina cc 701, silinda mbili na kabureta mbili. SuperJet ya 2021 kuja huku, na Kawasaki SX-R ya 2017 kuja huku, ni mipigo minne, na haya siyo yake.

Kwenye mipigo miwili, bomba ni sehemu ya injini. Tundu la moshi likifunguka, wimbi la mgandamizo linatoka mbio kuingia bombani. Pale bomba linapotanuka, linarudi wimbi la kuvuta, na moshi unafyonzwa kutoka silindani pamoja na petroli mpya kidogo iliyoponyoka. Pale linapobanwa tena, linarudi wimbi la kusukuma, nalo linairudisha petroli ile ndani kabla tundu halijafungwa. Kwenye raundi 6,000 kwa dakika mzunguko mzima unachukua sekunde 0.01 tu, kwa hiyo wimbi likiwahi au likichelewa, faida yote inapotea. Ni kama kusukuma bembea: nguvu bila wakati wake haisaidii. Aliyeifikisha mbali elimu hii ni Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden akaenda na siri hizo kwa Suzuki, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa cc 50 akiwa juu ya Suzuki.

Jetski imeongeza kitu ambacho pikipiki haina, nacho ni maji. Bomba limefungiwa ndani ya bodi ya faiba, kwa hiyo lazima lipozwe, na mabomba mengi yanaingiziwa maji kidogo ndani ya moshi wenyewe. Maji yakipoza gesi, wimbi linapunguza mwendo, na bomba linafanya kazi kana kwamba ni refu zaidi, jambo linalosaidia raundi za chini na za kati. Ukipunguza maji, gesi inabaki na moto, wimbi linakimbia, na nguvu inahamia juu. Ndiyo maana nasema skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza maji hayo ina thamani kuliko chapa iliyoandikwa kwenye bomba.

Sasa kwenye kuchagua. Bomba kavu la chuma, lile ambalo maji yanaingizwa mwishoni kabisa, ni la mtu wa mashindano anayebana triga yote karibu muda wote na aliyeijenga injini nzima kwa kazi hiyo. Anayeruka mawimbi, anayejifunza kuzunguka maboya, au mwenye kilo 90 anayehangaika kuinuka kutoka majini anahitaji nguvu iamke mara tu anapogusa mafuta. Kwa mtu huyo na SuperJet yake ya 701, ningeweka bomba la maji, lile linaloingiziwa maji ndani ya moshi, kama B-pipe ya Factory Pipe, wale wa California, na nisingetazama nyuma. Lina skrubu za maji unazoweza kuzirekebisha mwenyewe, na limetumika miaka mingi kiasi kwamba kila tatizo lake lina mtu aliyekwisha kulitatua.

Lakini msinakili vipimo vya watu. Namba nyingi zinazozunguka mtandaoni zinatoka kwa Wamarekani wanaoendesha kwenye maji yasiyo na chumvi, ziwa kama Havasu huko Arizona. Bahari ya Ghuba mwezi Agosti hupita nyuzi 30. Hewa ya moto ni nyepesi, inabeba oksijeni pungufu, na injini inataka petroli pungufu. Jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, ulizozipanga Agosti, ukiendesha nazo asubuhi ya baridi ya Januari, petroli haitatosha hewa iliyopo, na pistoni inaweza kutoboka.

Mimi huanza na kabureta. Bomba jipya linabadilisha hewa inayopita, kwa hiyo anza na petroli ya kuzidi kidogo, kisha ipunguze taratibu. Halafu ndiyo maji, robo ya mzunguko wa skrubu kwa wakati mmoja, kisha majini ukajaribu. Ukifungua mafuta ghafla injini ikazubaa, ikakohoa, kisha ikaamka kwa kuchelewa, huenda maji yamezidi. Ikiwa inapanda vizuri lakini ukirudi ufukweni na kufungua kifuniko unakutana na harufu ya mpira ulioungua, maji ni machache mno. Shika ule mpira unaounganisha bomba na boksi la maji, lile linalopunguza kelele ya moshi, kwa tahadhari. Ukiwa umelegea na kung'aa, ubadilishe leo. Mwisho, bana mafuta yote, kata injini kwa kamba ya usalama, fungua plagi uitazame rangi. Nyeupe maana yake petroli haitoshi, na hapo hakuna mjadala, rudi kwenye kabureta.

Impela, ile propela ya ndani inayosukuma maji, nayo inasahaulika sana. Bomba likipandisha raundi, impela ya kiwandani inaweza kuwa nyepesi kwa injini hiyo: kelele inaongezeka, mwendo haufuati. Tenga hela ya impela yenye mkunjo unaofaa kabla hujamlipa mwenye bomba.

Chumvi ndiyo adui wa yote haya. Vinjia vya maji bombani ni vyembamba, chembe ya chumvi inatosha kuviziba, na bomba la maji linageuka kavu bila wewe kujua. Suuza kila ukitoka baharini, kwa utaratibu huu: washa injini kwanza, ndipo ufungue maji ya hozi. Ukimaliza funga maji kwanza, pandisha raundi kidogo yatoke, ndipo uzime. Ukikosea mpangilio, maji yanajaa bombani na kurudi mpaka kwenye silinda. Kisha fungua kiunganishi cha hozi inayoingiza maji bombani, upulize, uhakikishe hewa inapita.