Sina Bawasiri

Naanza na hilo kwa sababu najua kuna toleo linazunguka. Kama umo kwenye lile kundi la WhatsApp la Waswahili wa Leicester umeshalisikia, na pengine umeshanitumia ule ujumbe wa "pole kaka, hata mjomba wangu alipona". Asanteni. Nyote ni watu wema sana. Sina bawasiri. Sijawahi kuwa nayo. Nilicho nacho ni vepu (ile sigara ya umeme), papara, na rafiki mmoja ambaye hapa nitamwita Kipaza, maana ukimwambia jambo saa nne, saa tano limeshafika Tanga na watu wameshaandaa mkeka.

Kipaza anasema nilikamatwa nikichemsha dawa ya makalio kwenye raiskuka ya Shangazi, ile sufuria ya umeme ya kupikia wali. Kila neno hapo lina ukweli wake kidogo, ndiyo maana inauma.

Shangazi si wa damu. Alisoma na mama, na nimepanga chumba cha juu kwake tangu nifike. Masharti yake ni matatu: viatu mlangoni, salamu kabla ya swali, na sigara hakuna. Sigara niliacha kweli, na kwa mama niliapa. Vepu sikuiapia kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Nilianza na zile za kutupa. Uingereza ilipozipiga marufuku tarehe 1 Juni 2025 nikahamia ya kujaza, na ya kujaza inakula. Dukani, juisi (yale majimaji ya kujazia vepu) yenye nikotini haiuzwi kwenye chupa inayozidi mililita 10. Kichupa kama cha dawa ya macho! Mimi navuta kama treni ya Reli ya Kati ikipanda mlima. Nikapiga hesabu, nikaona kheri nitengeneze mwenyewe.

Kutengeneza si uchawi. Glisarini, ile nzito yenye utamu, sehemu 70. Propileni glikoli, nyepesi, sehemu 30. Ladha unazitia matone kwa matone, unapima kwa mizani ndogo ya gramu, unatikisa mpaka mkono udai talaka. Mimi napenda kastadi na stroberi. (Ndiyo, mwanaume mzima. Endeleeni kusoma.) Sasa shida ya kastadi ni kwamba inataka kulazwa. Ukiivuta siku hiyo hiyo unapata ladha ya mfuko mpya wa plastiki uliopuliziwa manukato. Inataka kukaa kabatini, gizani, wiki tatu mpaka nne, ndipo inaiva na kushika ule utamu wa maziwa na vanila. Wiki nne! Mimi nasimama mbele ya maikrowevu nikiiambia "haya basi".

Wachanganyaji wana njia ya mkato, nayo ni joto. Glisarini ikipata moto inalainika, ladha zinaingiana haraka. Wengine wanaweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, wengine juu ya hita ya ukutani. Nikotini unaitia mwisho kabisa, juisi ikishapoa, kwa kuwa joto linaiharibu. Kwa hiyo kabla hamjaanza kunihubiria: chupa zangu hazikuwa na nikotini hata tone. Ilikuwa juu chumbani, kwenye kopo lenye kufuli. Mimi ni mjinga wa kiwango cha kati tu.

Hita nayo ilishindikana. Shangazi anawasha hita kama anavyotoa zaka, kwa hesabu kali na mara moja kwa mwaka. Ndipo jicho langu likaangukia raiskuka.

Ni ile ya zamani, ya kiswichi kimoja mbele. Ukikiacha juu, inapasha. Ukikibonyeza chini, inapika. Nikajiambia: kitu hiki kinapasha wali usiku kucha bila kuuunguza, kitashindwa na chupa nne?

Jumamosi nimetoka shifti ya usiku kule bohari, saa mbili asubuhi, macho yamejaa mchanga. Shangazi ameshatoka. Nikatia maji, nikapanga chupa nne za plastiki za mililita 100, vifuniko nimevikaza kwa nguvu zote nilizojaliwa na Mola ili maji yasiingie. (Vifuniko. Mvikumbuke vifuniko.) Nikafunika, nikachomeka. Na kidole changu, ambacho kwa miaka miwili kimekuwa kikipika wali kwenye chombo kile kile, kikafanya kilichozoea.

Tak.

Niliisikia. Nikaona sawa tu, si ndiyo sauti ya raiskuka? Nikatega saa ya simu, lisaa limoja, nikapanda kulala. Simu yenyewe ilikuwa na chaji asilimia mbili.

Kwa wasiojua: raiskuka haijui saa, inajua maji. Maji yakiwemo, inatokota tu kwenye nyuzi 100. Yakikauka, joto linapanda, sumaku ya chini inaachia, kiswichi kinaruka juu chenyewe. Kwa hiyo chupa zangu hazikupashwa. Zilipikwa, kama wali, kwa uaminifu wote, mpaka maji yakauke. Plastiki ile haina ubavu wa kukaa kwenye maji yanayochemka. Na kitu kilichofungwa na kukazwa kikipata moto, kitatafuta pa kutokea.

Niliota nipo kwa bibi, Pangani, anakaanga vitumbua. Harufu tamu, vanila, maziwa, stroberi kwa mbali. Nikajiuliza ndotoni bibi amepata wapi stroberi. Ndipo king'ora cha moshi kikalia.

Nilitoka na fulana, bukta, na kikoi nilichokishika mkononi badala ya kukifunga. Ngazi za nyumba hizi za Waingereza ni nyembamba, zimesimama kama ngazi ya kupandia mnazi, na juu yake wameweka zulia. Ngazi nne za mwisho nilizishuka kwa makalio. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kila moja na mlio wake. Nikatua kwenye mlango wa jiko, mkono mmoja na kikoi, mwingine umeshika panapouma.

Jiko lilikuwa jeupe. Ukungu. Na ndani ya ukungu, wanawake sita.

Mchezo. Ule mchezo wa kila mwezi, wa kupeana zamu ya fedha, ulikuwa umesogezwa kutoka Jumapili hadi Jumamosi. Na niliambiwa! Nilijibu "sawa Shangazi" nikiwa na vidude vya muziki masikioni. Mmoja alikuwa amepanda kiti anapepea king'ora kwa mtandio. Wengine wamezunguka raiskuka iliyo wazi, na Shangazi ameshika kifuniko mkononi kama ngao.

Mimi, chini pale sakafuni, malezi yakanitangulia. Nikasema, "Shikamooni."

"Marahaba," wakajibu kwa pamoja. Hata yule wa kwenye kiti.

Sasa hapa naomba twende polepole, kwa sababu Kipaza anaikimbiza sehemu hii, na ndiyo inayoniamsha usiku.

Ndani ya sufuria chupa zangu zilikuwa zimesinyaa, zimejikunja, zimelaliana kama wagonjwa. Mbili zimefumuka. Chini kumebaki rojo la rangi ya chai ya maziwa, linametameta, linatoa viputo vya mwisho mwisho. Na linanukia, wallahi linanukia kama duka la keki siku ya harusi. Mama mmoja, mpenda tamu, alikuwa ameshachukua kijiko. Nilikiona kijiko kinashuka.

"Msionje!" nikapiga kelele. "Ni dawa!"

Kijiko kikasimama hewani.

"Dawa ya nini?" akauliza Shangazi.

Jamani, nilikuwa na majibu mia. Ya nywele. Ya kikohozi. Ya mbu. Nikafungua mdomo, na maumivu ya mfupa wa mkia yakapanda, nikajishika vizuri zaidi. Yule mama ambaye ni nesi, ambaye amefanya kazi wodini miaka na miaka, akafuata mkono wangu kwa macho. Uso wake ukalainika.

"Usione haya, mwanangu," akasema. "Ni bawasiri?"

Mbele yangu kulikuwa na njia mbili. Moja inaishia na "navuta vepu ndani ya nyumba yako, Shangazi", na simu kwa mama kabla ya adhuhuri. Nyingine ni huruma tupu.

"Ndiyo," nikasema.

"Maskiiini." Wote.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Damu inatoka?"

"Kiasi."

Nilikuwa naendelea vizuri, nawaambia. Nimeanza hata kuona kama ninayo kweli. Nesi akatikisa kichwa, akaniambia ninywe maji mengi, nile mboga za majani na matunda, nisikae chooni na simu. Halafu akachungulia rojo, akavuta harufu, akauliza kwa sauti ya kitaalamu kabisa:

"Na hii unapaka, au unakalia?"

Nikawaza upesi. Nikisema napaka, atataka kujua napakaje kitu cha moto hivi. Na niliwahi kusikia kwamba wagonjwa wa namna hiyo huambiwa wakalie maji ya uvuguvugu. Kukalia kulikuwa na elimu ndani yake.

"Nakalia," nikasema.

Sikuliona kosa papo hapo. Nililiona likija, kama basi lililokatika breki. Kwanza yule wa kwenye kiti aliacha kupepea. King'ora nacho, mtoto wa haramu, kikachagua sekunde ile ile kunyamaza. Shangazi akaitazama sufuria. Akanitazama mimi, kuanzia kiunoni kushuka. Akaitazama tena sufuria, taratibu, kama fundi cherehani anayekadiria kitambaa.

"Humu?"

Kwenye friji kulikuwa na bakuli la wali wa jana. Najua, kwa sababu wote sita waligeuka kulitazama friji.

"Na pilau la Idi?" akauliza mpenda tamu, sauti imemkauka. Kijiko bado kiko mkononi. Akakiweka chini mbali sana na mwili wake.

Mtu mwenye akili timamu angesema ukweli pale. Vepu, Shangazi, nisamehe, ni vepu, na makalio yangu hayajawahi kuingia kwenye sufuria yako. Ilikuwa sentensi moja tu. Niliitafuta. Badala yake nikasikia sauti, inafanana sana na yangu, inasema:

"Lakini naiosha, Shangazi. Kila mara."

*Kila mara.*

"Astaghfirullah," akasema Shangazi, na akakaa chini.

Ndipo nikasikia chupa za soda zikigongana. Mlango wa nyuma. Kipaza, ambaye mama yake ni mmoja wa wale sita, alikuwa amesimama na kreti mikononi, mdomo wazi, na macho yale ya mtu aliyeokota pochi. Alikuwepo tangu "damu inatoka".

Mengine yalienda haraka. Raiskuka ilitupwa na sufuria yake na upawa wake, nje kabisa, siyo kwenye pipa letu. Wali wa jana nao. Nimenunua mpya, pauni 35, na imeandikwa jina la Shangazi kwa kalamu isiyofutika. Mchezo ulihamia nyumba nyingine siku ile ile. Jiko bado linanukia kastadi kila anapochemsha maji. Jirani yetu, mzee wa Kihindi aliyefukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972 akiwa kijana, ambaye Kiswahili chake cha Jinja hakijachuja mpaka leo, aliuliza uani siku ile nani anapika halua. Jumatatu akaniita kwenye uzio, akaangalia kushoto na kulia, akaninong'oneza, "Pole, kijana. Hata mimi ninayo." Akanipa jina la marhamu. Ningemwambia nini? Nilimshukuru.

Juisi? Mililita 400 za kastadi, zote zilikwenda. Nimechanganya nyingine, iko kabatini, naihesabia siku kama mfungwa.

Nesi anapiga kila jioni. Ni mtu mwema kiasi kwamba nimeanza kula mchicha kwa ajili yake.

Na jana mama akatuma ujumbe wa sauti, dakika nne na nusu. Nikajua Shangazi ameshasema. Dakika ya kwanza ni dua. Ya pili ni majina ya watu wa ukoo walioipata na kupona, ambao wengine sikutaka kujua. Ya tatu, kifurushi kinakuja na mtu anayesafiri: mwarobaini, na ndani yake mfuko mdogo ambao nisiufungue mbele za watu. Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia jogoo wa pale nyumbani, akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo:

"Lakini mwanangu, nimeshukuru. Shangazi yako aliponipigia akaanza na 'kaa chini', nilidhani umerudia kuvuta."

Mama hayupo huku. Yupo WhatsApp tu. Atakayempigia picha ya haya maandishi akamtumia, nitamjua. Kipaza, nakutazama wewe.