Mstari Mmoja wa Yakobo

Kila ninaposikia Matendo ya Mitume sura ya 12 ikihubiriwa, mahubiri ni ya Petro akitolewa gerezani. Malaika, minyororo inayoanguka, lango la chuma linalofunguka lenyewe. Kwenye mikesha watu husimama wakashangilia, nami hushangilia nao. Lakini mstari wa pili wa sura hiyohiyo sijawahi kusikia mtu akiuhubiri: "Akamwua Yakobo, ndugu wa Yohana, kwa upanga." Maneno saba tu. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, haongezi kitu.

Yakobo hakuwa mtu wa pembeni. Aliacha nyavu pamoja na baba yake, Zebedayo, chomboni. Alikuwa mmoja wa watatu walioingia na Yesu nyumbani kwa Yairo, wakapanda naye mlimani, wakaenda naye ndani zaidi Gethsemane. Aliyemuua ni Herode Agripa, mjukuu wa yule Herode wa Bethlehemu, aliyepewa Uyahudi na Kaisari Klaudio mwaka 41 na kufa mwaka 44. Alipoona watu wamependezwa na kifo kile, akamkamata na Petro, akamweka chini ya askari 16.

Kanisa likaomba, Petro akatoka. Je, Yakobo hakuombewa? Luka hasemi, ila mimi siwezi kuamini kwamba watu walewale walimwacha bila maombi.

Kwa Stefano, aliyeuawa kwa ajili ya imani kabla ya Yakobo, angalau tunaoneshwa kitu. Alipopigwa mawe, waumini walitawanyika Uyahudi na Samaria, wengine wakafika Foinike, Kipro na Antiokia. Huko Antiokia Wayunani wakahubiriwa, na ndiko wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Kijana aliyelinda nguo za warusha mawe akawa Paulo. Kusudi la Mungu unaweza kulifuata kama njia ya miguu, kijiji hadi kijiji. Na bado Luka anaandika kwamba watauwa walimzika Stefano wakamlilia sana. Hakuna aliyewanyamazisha kwa kuwa eti Injili itafika mbali.

Kwa Yakobo njia hiyo haionekani. Naamini Mungu alikuwa na kusudi, naamini kwa moyo wote. Ninachokataa ni kumtungia.

Kwenye misiba yetu tunamtungia kila siku. Mfiwa bado yuko mkekani, macho yamevimba, na mtu ameshamwambia "kazi ya Mungu haina makosa". Neno hilo ni la kweli. Lakini mara nyingi tunalisema ili yeye aache kulia, kwa sababu kilio chake kinatutisha sisi. Kibaya kuliko hilo, na hili limenikera miaka mingi, ni wale wanaonong'ona kwamba mgonjwa amekufa kwa kuwa imani ya nyumba ile ilikuwa haba. Nimewahi kumwona mama akilibeba neno hilo baada ya kumzika mwanawe. Lilimwinamisha kuliko msiba wenyewe.

Wasemao hivyo warudi nyumbani kwa Mariamu, mama yake Marko, usiku ule wa maombi. Petro anabisha hodi. Roda, yule kijakazi, anaitambua sauti, anarudi mbio kuwaambia. Nao waombaji wanamjibu kwamba ana wazimu! Watu wameomba, jibu limesimama mlangoni, na hawaamini. Basi Petro hakutolewa kwa ukubwa wa imani yao, wala Yakobo hakufa kwa udogo wa imani hiyo.

Zamani mama yao wana wa Zebedayo aliwaombea wanawe viti vya heshima, mmoja kuume na mwingine kushoto. Yesu akawaambia wote wawili kwamba watakinywea kikombe chake. Yakobo akakinywa mapema, wa kwanza kuuawa kati ya wale Kumi na Wawili. Yohana, kwa mapokeo ya kale, alizeekea Efeso. Kikombe kimoja, na huyu akaishi miaka mingi bila ndugu yake.

Kuna jambo dogo mwishoni mwa habari ile ambalo huwa sipiti bila kusimama. Petro, kabla ya kuondoka kwenda mahali pengine, anawaagiza wampelekee habari Yakobo na ndugu wengine. Ni Yakobo mwingine, ndugu yake Bwana. Lakini jina lilikuwa lilelile, nalo likatajwa kwa sauti ndani ya nyumba ile, usiku ule wa furaha, mbele ya watu waliokuwa wametoka kumpoteza wao.